Zamu ya Chumba Sifuri

“Kwani nyinyi watu wa chumba cha nane mnakula maua? Hamjisaidii kama sisi?”

Aliyesema hivyo ni Mama Pacha wa chumba cha kwanza, muuza mkaa. Alikuwa katikati ya ua, Jumamosi asubuhi, gauni limefungwa fundo kiunoni na brashi ya choo mkononi, inachuruzika. Sitaki kusema ilikuwa inachuruzika nini. Kila akifungua mdomo anaipunga, na kila akiipunga ua mzima tunarudi nyuma kwa pamoja, kama watu waliofanya mazoezi.

“Iteremshe hiyo brashi, jirani,” mdogo wangu alimjibu kutoka mlangoni kwake, chumba hichohicho cha nane, pua imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. “Unanirushia.”

“Nakurushia! Mnamsikia? Mimi nimeingia humo mzima mzima, nimetoka na soksi ambazo sikuvaa, yeye tone moja linamuua!”

Watu wakacheka huku wameziba pua. Kicheko cha pua iliyozibwa ni kibaya, kinafanana na mbuzi anayekabwa.

Niwaeleze nani ni nani kabla hamjachukua upande. Mimi ni msusi. Nakaa chumba cha tatu na saluni yangu iko barazani kwa mbele, kwa hiyo hakuna anayeingia, anayetoka wala anayeachwa bila mimi kujua. Huyu wa chumba cha nane ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, anapokea nguo kwa dobi. Jina la utani tulimpa tangu utotoni, Kinyaa, na amelitendea haki. Hali chakula kwa watu. Hanywi kwenye kikombe cha mtu. Ukimpa mkono anakupa kiwiko. Aliponunua kompyuta yake, ya mtumba, aliisafisha kibodi kwa pamba na spiriti, herufi moja moja, na ndani humo akatoa vipande vya kucha. Kucha za mtu asiyemjua! Mpaka leo nikikumbuka mate yananijaa mdomoni.

Sasa njooni kwenye choo. Choo chetu ni kimoja, vyumba ni vinane. Zamani zamu zilikuwa za mdomo, na kwa mdomo kila mtu alikuwa amesafisha jana. Ndipo Kinyaa, aliyekuwa akijifunza kompyuta peke yake chumbani, mlango umefungwa, kwa kutazama video, akatutengenezea programu. Kila asubuhi inamtumia mwenye zamu ujumbe kwenye simu: “Leo ni zamu yako ya choo. Tafadhali usisahau kona.” Tulimpigia makofi. Hata Mama Kodi alisema nyumba yake sasa imekuwa ya kisasa. Mama Kodi ni mwenye nyumba wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kuja kwa shughuli nyingine.

Basi hiyo ya kisasa ikaanza kunuka. Choo kinasafishwa siku baada ya siku, vizuri tu, halafu inaangukia siku moja ambayo hakiguswi na mtu. Siku hiyo, jamani. Nzi wale wa kijani, wanene, wamekaa ukutani kama wamelipia. Maji yamesimama, yana rangi ya chai ya jana. Na kuna kitu kimeganda juu, karibu na dirisha, mpaka unajiuliza aliyekifikisha pale alikuwa amesimamaje. Unaingia umekunja suruali, unatoka umekunja roho. Na kesho yake, siku zote, bila kukosea, ni zamu ya Mama Pacha.

Ndiyo maana aliichukua ile brashi na kuja nayo uani.

“Nani hapa amewahi kumwona huyu binti ameshika brashi?” akauliza. “Anyooshe mkono.”

Hakuna mkono. Mimi nilikuwa najikuna kichwa, nikaona nitahesabiwa, nikashusha.

“Sijawahi kupata ujumbe,” Kinyaa akasema. “Nasubiri kama nyinyi. Kompyuta kila siku inaniandikia sawa, umetumwa. Nikajua zamu yangu itafika.”

“Miezi miwili inakuja tu? Inatembea kwa magoti?”

“Kajiruka huyo,” sauti ikatoka nyuma. “Kaandika zamu za watu wote, yeye kajiruka.”

Hapo nilimtazama mdogo wangu usoni. Kwamba hakuuliza, hilo naliamini. Nani anakimbilia brashi ya choo ambayo hajaitiwa? Lakini kujiruka kwa makusudi, hapana. Huyu ni mtu anayeosha sabuni kabla ya kuitumia. Alikuwa amekauka, kile kitambaa amekibana puani kwa mikono miwili.

“Nimeipitia yote,” akaniambia kwa sauti ndogo. “Vyumba vinane, nimeandika nane. Sioni kosa, dada.”

Mama Kodi akaja, kaitwa na nani sijui, lakini nadhani ni yuleyule aliyesema kajiruka. Akasukuma mlango wa choo kwa ncha ya kiatu. Akachungulia. Akarudi, akatema mate kwenye ua wake mwenyewe.

“Jumamosi ijayo nakuja tena asubuhi,” akasema. “Nikikuta hivi, chumba cha nane kinahama siku hiyohiyo. Wanaokitaka wapo.”

Nikahesabu zamu kwa vidole. Jumamosi ijayo ilikuwa inaangukia palepale, siku ile ya nzi.

Mchana wake nilikuwa namsuka Nesi. Nesi ni mteja wangu, anafanya kazi wodi ya majeraha, na siku akiwa hana zamu hospitalini anakaa na kikundi cha watu wanaojifunza kompyuta hapa mtaani kwetu. Kila nikimsuka ananiambia mlete mdogo wako. Kila nikimwambia mdogo wangu, yeye anauliza swali moja tu: wanakutana wapi? Juu ya bucha, ghorofani. Mazungumzo yanaishia hapo.

Safari hii nilimhadithia mkasa wote, na mikono yangu ikiwa imemshika kichwa hakuwa na pa kukimbilia. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Alishawahi kumwonesha mtu hiyo programu yake?”

“Kumwonesha? Hata mimi dada yake ananionesha kwa mbali.”

“Jumatano jioni,” Nesi akasema. “Aje nayo hivyohivyo ilivyo. Asiisafishe.”

Kinyaa alikataa. Akasema hawezi kukaa na watu wanaokoholeana. Akasema atairudia mwenyewe, ataanza upya, atakesha. Nikamwacha aseme, halafu nikamuuliza: “Ukihama utalala wapi? Kwangu? Kwangu kitandani tuko watano, na mmoja anakojoa. Chagua: bucha au mkojo.”

Akachagua bucha.

Ngazi za pale zinapanda ubavuni mwa duka, na harufu inapanda na wewe. Damu ya tangu asubuhi, mafuta yaliyolala, maji ya kudekia yaliyodekia kila kitu isipokuwa uchafu. Nilishika chuma cha ngazi, mkono ukabaki kidogo kabla ya kunirudia. Kinyaa alipanda mikono juu kama anayevuka mto, kompyuta imefungwa kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko.

Juu palikuwa na chumba kimoja, mabenchi, nyaya zimesokotana kama nywele za mtu aliyekimbia saluni, na watu wamejaa. Vikombe vimepangwa dirishani, vina utando wa maziwa, kimojawapo kina nzi ameshamaliza safari yake. Ukutani wametundika shuka, hiyo ndiyo skrini yao, na projekta moja inamulika juu yake. Katikati ya shuka kuna doa. Doa la shuka, jamani, halihitaji maelezo. Mimi niliyezaa na kufua nepi nilikuwa navuta pumzi kwa mdomo. Mwenzangu sijui alikuwa anavutia wapi.

“Karibuni,” Nesi akasema. “Tunaanza na aibu ya wiki.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Kumbe ndio utaratibu wao: kabla hujafungua kazi yako, kila mtu anasema kosa baya kuliko yote alilofanya wiki hiyo, na ukificha wanajua.

Akasimama fundi friji, jitu zima la watu, mikono kama makasia. Alitengeneza programu ya kuwakumbusha wateja wake kusafisha friji zao. Ikakwama kwa mteja mmoja, ikamtumia ujumbe kutwa nzima, mmoja nyuma ya mwingine. “Jioni nikakuta kaniletea friji mlangoni,” akasema. “Kaniambia, kaa nayo, muwe mnaongea wenyewe.”

Akafuata mhasibu wa shule, miwani na tai: “Mimi nimetoa matokeo, na mtoto aliyehama mwaka jana ndiye amekuwa wa kwanza. Mzazi wa aliyeshika nafasi ya pili ameshafika ofisini.”

Nesi mwenyewe: “Nilifuta kazi yangu yote nikidhani nafuta nakala. Nikafuta na nakala, kuhakikisha.”

Kila aibu ikisemwa wanapiga makofi, halafu wanauliza maswali, wengine wanaandika. Niliwatazama watu wazima wale wanavyojiumbua bila kubanwa, nikasahau harufu, nikavuta benchi karibu. Mimi ili nipate habari kama hizo inanibidi nimsuke mtu mpaka kichwa kimuume.

“Mgeni wetu?” Nesi akamgeukia Kinyaa.

“Yangu haina aibu,” mdogo wangu akasema, amesimama, hajakaa, kwa sababu benchi alikuwa ameliona. “Inafanya kazi. Kompyuta inasema sawa.”

“Na choo kinasemaje?”

Wakacheka. Nilitaka kuwakemea, lakini nikaona hata yeye kona ya mdomo imemcheza. Akatandika kitambaa kwenye benchi, akakaa, akafungua mifuko yake miwili, wakaunganisha waya, na mistari yake yote ikatokea kwenye shuka, juu ya doa, kila mtu anaiona. Sikumbuki kumwona na haya namna ile tangu siku alipovunja ungo. Alikuwa anavuta nguo yake magotini kana kwamba ndiyo iliyopandishwa ukutani.

“Mikono mgongoni,” Nesi akaamrisha, na wote wakaweka mikono nyuma kama wanafunzi walioitwa ofisini. Hiyo nayo ni sheria yao: kibodi ya mgeni haiguswi na mtu. Waseme tu, wasishike. Kinyaa alishusha pumzi. Nadhani ndio wakati alipoanza kuwapenda, ila hawezi kukubali.

Fundi friji akasoma mistari kwa sauti, mmoja mmoja, polepole, anauliza huu unafanya nini, na huu, na huu. Kinyaa anajibu vizuri kabisa. Nikajivuna. Mpaka wakafika chini.

“Na huu hapa wa mwisho?”

Kinyaa akavuta tena nguo magotini.

“Huo,” mdogo wangu akasema, “unanyamazisha.”

“Unanyamazisha nini?”

“Yale maandishi mekundu. Unafanya kazi yako, ghafla kompyuta inatapika nyekundu skrini nzima. Mimi siwezi kuyatazama, yananitia kichefuchefu. Kwa hiyo niliiambia, ukikwama popote kaa kimya, pita, andika sawa.”

Nikangoja wamcheke. Hawakucheka. Chumba kizima kilitoa sauti moja ya watu waliokutana na ndugu yao.

“Mimi niliweka kama huo,” mhasibu akasema.

“Na mimi,” Nesi akasema. “Mwezi mzima. Ufute huo mstari, mdogo wangu. Acha itapike, tuone imekula nini.”

Kinyaa alifuta vidole vyake kwanza, halafu akaufuta ule mstari. Akaiwasha programu kama vile leo ni Jumamosi inayokuja. Shuka likawa jekundu. Maandishi yamejaa, yanatisha, na katikati, juu ya doa kabisa, yanasema chumba namba sifuri hakipo.

“Sifuri!” Kinyaa akaruka. “Nani kasema sifuri? Sijaandika sifuri popote!”

Fundi friji akatusimamisha watu wanane kwenye mstari, mimi wa mwisho, na kila mmoja ni chumba. “Sema programu yako inavyochagua,” akamwambia Kinyaa.

“Nachukua namba ya siku tangu programu ianze, nagawa kwa nane, kinachobaki ndicho chumba.”

“Haya. Siku ya kwanza.”

“Inabaki moja.” Mtu wa kwanza akaketi. Siku ya pili, mbili, akaketi wa pili. Wakaendelea hivyo mpaka saba akaketi, nikabaki mimi nimesimama peke yangu kama mlingoti.

“Siku ya nane?”

“Gawa kwa nane, inabaki...” Kinyaa akanitazama.

“Sifuri ni mimi?” nikauliza.

“Wewe ni nane, dada,” fundi friji akasema. “Na nane ukiigawa kwa nane haibaki kitu. Kwa hesabu hii utasimama hapo mpaka tukuzike.”

Mdogo wangu alikuwa amejishika kichwa, mikono mitupu, bila kitambaa. “Zamu yangu inakwenda kwa mtu ambaye hayupo,” akasema. “Halafu kesho yake inarudi moja. Inamwangukia Mama Pacha. Na mimi ndiye niliyeiambia kompyuta isiseme.”

Alikuwa anajichukia, unaona kabisa. Lakini hakuna aliyempa nafasi, wote walikuwa wameinama mbele na mikono mgongoni, wanangoja arekebishe. Fundi friji aliuma mdomo hadi ukavimba, anajua jibu na hasemi. Kinyaa akaandika mstari mmoja: kikibaki sifuri, ita nane. Shuka likarudi jeupe, jeupe la kwake lile. Wakapiga makofi kama kwa yule mwenye friji, wala si zaidi.

Wakampa chai kwenye moja ya vile vikombe. Akakitazama. Akakifuta ukingo, akakitazama tena, akanywa. Mimi sikunywa.

Jumamosi ilipofika ua ulijaa kuliko msiba. Mama Kodi amekaa kwenye kigoda changu cha saluni, mkoba mapajani. Mama Pacha kaegemea mlango wake, mikono kifuani, kucha nyeusi za mkaa. Kila mtu ameshika simu yake kama bahati nasibu inatangazwa.

Ikalia ya Kinyaa.

“Soma,” Mama Pacha akasema. “Kwa sauti.”

“Leo ni zamu yako ya choo. Tafadhali usisahau kona.”

Ua ukapiga kelele. Yeye hakwenda popote. Alisimama katikati, pale pale brashi iliposimama wiki iliyopita.

“Kabla sijaingia nina aibu ya wiki,” akasema, na mimi nikasogea karibu naye, kwa sababu hapa hakukuwa na Nesi. “Kosa ni langu. Zamu yangu niliikosea hesabu, ikawa inapelekwa chumba namba sifuri. Kompyuta ilitaka kuniambia. Niliizuia, kwa kuwa sikutaka kuona kosa langu. Sikujiruka makusudi, lakini aliyeumia ni wewe, Mama Pacha. Nisamehe.”

Mama Pacha akashusha mikono. “Yaani muda wote huo mimi nilikuwa nasafishia mtu ambaye hajazaliwa?”

“Ndiyo.”

“Na ana choo kikubwa hivyo!”

Hata Mama Kodi alicheka. Kinyaa hakungoja wamalize. Alichukua brashi, ndoo na sabuni, akaingia.

Mwenye zamu wa jana yake alikuwa amemwaga maji tu na kuondoka, namjua na nitamsema siku nyingine. Usiku kuna tumbo la mtu lilichafuka, na halikuchafuka kwa siri. Mlango ulikuwa wazi kwa hiyo tuliona, tulitaka kuona. Alisugua sakafu. Akatapika kwenye ndoo, akamwaga, akaosha ndoo, akasugua tena. Akapanda juu ya tofali akafika kwenye kile kitu cha dirishani, kile kilichotushinda sote, akakikwangua kwa kijiko cha zamani, na kilipoanguka kilitoa mlio. Mlio! Nywele zilinisimama mpaka kwenye mikono. Nzi walitoka kwa mkupuo, wakatufuata sisi.

Alipotoka alikuwa amelowa mpaka magotini, nywele zimemganda usoni, ananuka kama sisi wengine. Mama Kodi akaingia, safari hii bila kutumia ncha ya kiatu. Akakaa humo kitambo. Tukamsikia anagusa kona.

“Nane inabaki,” akasema alipotoka, akafunga mkoba, akaondoka.

Watu wakatawanyika. Mama Pacha alikuwa bado pale mlangoni kwake, anamtazama Kinyaa akinawa mikono kwenye bomba, mara ya kwanza, ya pili, mpaka sabuni ikabaki kipande.

“Wewe,” akamwita. “Hao wa juu ya bucha, wanapokea muuza mkaa? Wateja wangu nawakumbuka kwa kichwa, na kichwa kimeanza kujaa.”

“Wanapokea. Ila lazima uanze na aibu.”

“Aibu ninazo za kujaza gunia.” Akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi. Ndani mapacha walikuwa wamekaa chini, wameizunguka sahani moja kubwa, mikono imeshazama mpaka viganjani, na mmoja pua inamtiririka.

Mdogo wangu akaangalia ile sahani. Akaangalia ile pua. Kitambaa chake cheupe kilikuwa kimening’inia mfukoni, kimelowa, hakifai tena kwa kazi yoyote.

“Unasubiri ujumbe?” Mama Pacha akamwambia. “Ingia tule.”